Kulala sebuleni kwa shangazi: dhana potofu kuhusu wanafunzi wasio na makazi Marekani

Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, McKinney-Vento, inayolinda masomo ya mtoto aliyepoteza makazi. Mwaka 2015 iliongezewa nguvu. Familia nyingi huikosa haki hii kwa sababu hazijui kuwa zinahusika, na wakati mwingine hata karani wa shule hajui.

Dhana: Asiye na makazi ni yule anayelala barabarani.

Sheria inatazama mahali mtoto anapolala usiku. Je, ni pa kudumu? Ana uhakika napo kila usiku? Panafaa kuishi? Kikikosekana kimojawapo, anahusika. Wengi wa watoto hawa hawalali nje kabisa. Wamejibanza kwa ndugu au rafiki baada ya kutolewa kwenye nyumba au kushindwa kodi. Wengine wako moteli kwa kukosa pengine pa kwenda, wengine kwenye gari. Kinachopimwa ni sababu: familia mbili zilizochagua kuishi pamoja hazihesabiwi, lakini mama anayelala na wanawe watatu sebuleni kwa dada yake kwa sababu mwenye nyumba amewatoa, huyo anahesabiwa.

Kwa hiyo mwalimu au karani asiulize, "Hamna makazi?" Mzazi atakataa, kwa aibu au kwa kuwa kweli ana paa juu ya kichwa. Uliza: "Usiku mnalala wapi? Mmefikaje hapo? Mnaweza kuendelea kukaa hapo?" Na wewe mzazi, ukipewa fomu ya kueleza mnakoishi, usiandike anwani ya shangazi kana kwamba ni yako. Andika kwamba mmehifadhiwa kwa muda, na kwa nini.

Dhana: Bila karatasi hakuna kuandikishwa.

Anaandikishwa papo hapo, hata bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti ya shule au uthibitisho wa anwani, na hata kama tarehe ya mwisho imepita. Kuandikishwa maana yake ni kukaa darasani na kusoma, si kungoja simu. Kutafuta rekodi za zamani ni kazi ya shule mpya.

Mambo huharibikia kwenye dirisha la kuandikisha. Mzazi anaambiwa, "Rudi na mkataba wa pango," anaondoka, na mtoto anakaa bila shule wiki nzima au zaidi. Usiondoke. Omba kuzungumza na mratibu wa McKinney-Vento, yaani mtumishi anayeshughulikia wanafunzi wasio na makazi. Kila wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo, inatakiwa kuwa naye. Wakikataa, dai maelezo ya maandishi, kwa namna unayoielewa, yanayotaja haki yako ya kukata rufaa. Rufaa ikiendelea, mtoto anasoma katika shule uliyoiomba.

Dhana: Mkihama mtaa, mtoto lazima ahame shule.

Ana haki ya kubaki shule aliyokuwa akisoma kwa muda wote ambao hana makazi, ilimradi kubaki huko kuna manufaa kwake. Mkipata nyumba ya kudumu katikati ya mwaka, anamalizia mwaka huo wa masomo palepale. Mzazi akiomba usafiri, wilaya lazima iupange, hata mkiwa mmevuka mpaka wa wilaya. Wilaya mbili zisipoelewana, zinagawana gharama nusu kwa nusu.

Jambo moja husahaulika sana: mkibadilisha moteli, mjulishe mratibu siku hiyohiyo. Vinginevyo basi litaenda mlikotoka, na mtoto ataandikiwa utoro. Kupanga njia mpya kunaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo uliza mapema atafikaje shuleni siku hizo: tiketi za basi la umma, au kurudishiwa pesa ya mafuta.

Dhana: Nikieleza tunakoishi, nitamponza aliyetupokea, au uhamiaji watatufuata.

Hofu hii tunaielewa, hasa kwa aliyepokewa na mtu mwenye mkataba mkali wa pango. Lakini taarifa za anakoishi mtoto ni sehemu ya rekodi zake za elimu, zinazolindwa na sheria. Shule haitakiwi kumpigia mwenye nyumba. Kuhusu hati za ukaazi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa kukosa hati.

Dhana: Chakula cha bure shuleni kinahitaji kujaza ombi la kipato.

Hakihitaji. Jina la mtoto likitoka kwa mratibu, linatosha.

Dhana: Kijana aliyeachana na wazazi hawezi kujiandikisha mwenyewe.

Anaweza, na mratibu anatakiwa kumsaidia kuchagua shule na kuomba usafiri. Akifika mwaka wa mwisho wa sekondari, amwombe mratibu barua ya kuthibitisha hali yake. Kwa barua hiyo anajaza FAFSA, fomu ya msaada wa fedha za chuo, kama mwanafunzi anayejitegemea, bila taarifa za kipato wala saini ya mzazi.