Mnasihi si mtoa ushauri: yanayosemwa Dodoma kuhusu kazi yetu

Nikitaja kazi yangu ya unasihi, ambayo wengi huiita ushauri nasaha, kwenye daladala, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwa hiyo uko Mirembe?" Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, ipo hapa Dodoma tangu 1927, na jina lake limegeuzwa tusi. Mtu akikosea kidogo, "huyu wa kupelekwa Mirembe." Ndiyo maana wengi hudhani anayemwendea mnasihi tayari amerukwa na akili.

Sivyo. Ninaoketi nao ni walimu, wauza nguo, wanafunzi wa chuo, watumishi waliohamia huku na serikali wakaacha familia Dar es Salaam. Hakuna anayeingia akisema "nina sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Husema usingizi umekata, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mawazo yamezidi. Hali hiyo ikikaa wiki mbili na zaidi, na ulichokuwa unakipenda hukitaki tena, hiyo ni sababu tosha ya kuja. Na Mirembe yenyewe ni hospitali: watu hutibiwa, wakarudi makwao wakalima.

Dhana ya pili naielewa zaidi, kwa sababu kwetu mshauri ni mzee: kwamba mnasihi lazima awe mtu mzima aliyeona mengi. Mzee mmoja wa upande wa Hombolo (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) aliletwa na binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwanangu, umeolewa?"

"Bado, mzee."

"Sasa utanishauri nini mimi niliyekaa na mke miaka arobaini?"

Nikamwambia sitamshauri. Hilo neno "ushauri nasaha" limetuponza. Watu huja wakisubiri waambiwe cha kufanya. Nilichosomea darasani, kisha nikakifanyia mazoezi na wateja chini ya msimamizi, ni kusikiliza, kuuliza, kutambua dalili, na kujua lipi si langu ili nilipeleke kwa daktari. Dawa, kwa mfano, siandiki mimi. Wapo wanaohitaji dawa pamoja na mazungumzo, na moja halilifukuzi jingine.

Kuhusu umri, tazama Harare, Zimbabwe. Kuanzia 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwaweka akina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati, wawasikilize watu wenye mawazo mazito. Tiba ile imepimwa kitaalamu na ikaonekana kusaidia. Lakini bibi wale, pamoja na mvi zao, walifundishwa kwanza namna ya kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia njia mwenyewe. Uzee pekee haukutosha.

Mzee wangu alikuwa ameacha kwenda kwenye shamba lake la zabibu. Sonona hufanya hivyo: inamwondolea mtu shughuli, na kukaa bure kunaizidishia nguvu. Hatukusubiri moyo uchangamke ndipo aende. Tulikubaliana atembee hadi shambani na kurudi, jembe asiliguse. Binti akawa anaandika kwenye daftari la shule. Jumatatu: "Hakutoka." Jumanne: "Amefika kwenye mwembe." Ijumaa: "Amefika. Amekata matawi mawili." Mzee aliponiletea daftari lile, alilishika kwa mikono miwili. Mkewe tulimzungumzia baadaye sana, siku aliyoichagua yeye.

Wengine wanaogopa siri, hasa mji huu ambao kila mtu ana shangazi yake sokoni. Unachosema hakitoki chumbani, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto anadhurika. Hayo mteja huambiwa siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii: ukimuuliza mtu kama anawaza kujiua, utamtia wazo hilo. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi kama aliyetuliwa gunia, maana amelibeba peke yake kwa muda mrefu. Ndugu yako akisema amechoka kuishi, usimkemee, wala usimwambie anakufuru. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Akikubali, ondoa karibu naye dawa za shamba na kamba, usimwache peke yake, na mfuatane naye hospitali siku hiyohiyo.