Huyu mtoto wa kigari mpaka lini jamani?

Wiki iliyopita kaja mama mmoja kutoka Katonga na mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu, kampakia kwenye kigari cha mtumba, mikanda kaifunga fundo kwa nyuma maana kifungio chenyewe kilishapasuka zamani. Kilichomleta ni maneno ya bibi. Bibi kasema huyu mtoto ana miguu milegevu, haiwezekani umri huo bado anasukumwa, mpeleke kwa daktari.

Mimi cha kwanza sikuangalia miguu, niliangalia ndala. Zilikuwa zimelika mbele, pale kwenye vidole, mpaka raba imekuwa kama karatasi, lakini kisiginoni nzima kabisa kama kanunuliwa jana. Sasa mtoto asiyetembea ndala zake zinalika vipi? Nikamwambia mama hebu sukuma kidogo hapa koridoni nione, akasukuma, dogo akashusha miguu ikawa inaburuza sakafuni, na kila wakikaribia mlango anakaza vidole chini, kigari kinasimama. Mama anasukuma, kigari hakiendi. Nikacheka nikamwambia mama wee, hiyo miguu milegevu ndo imekushinda nguvu hapo.

Tukamshusha. Alikimbia mpaka dirishani, akapanda benchi, akarudi, akataka kalamu yangu. Basi, mtoto mzima huyo, kigari ndo kimekuwa kidogo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma, huku mtaani wanatuita madaktari wa mazoezi, kutwa nzima ni viharusi, migongo, waliovunjika kwa bodaboda, na watoto. Na hili swali la kigari naulizwa sana siku hizi kuliko zamani, kwa sababu zamani vigari vyenyewe havikuwepo, ilikuwa mbeleko tu, saizi mitumba imeleta kila kitu mpaka Mwanga sokoni utavikuta vimening'inizwa juu kama ndizi. Watu wanataka niwape umri. Miaka miwili? Mitatu? Kiukweli umri peke yake hausaidii sana. Swali ninalomuuliza mzazi ni hili, hicho kigari kwa siku ya leo kinamsaidia mtoto au kinakusaidia wewe? Yote mawili ni majibu halali, usione aibu, ila ujue unajibu lipi.

Na hata historia yake iko hivyo hivyo. Kigari chepesi cha kukunja kama mwavuli kilibuniwa na Muingereza mmoja, Owen Maclaren, mwaka 1965, mhandisi wa ndege aliyewahi kufanya kazi kwenye magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Sasa mtu wa magurudumu ya ndege anawaza nini? Kitu chepesi, kinachokunjika, mzazi akibebe kwa mkono mmoja. Hakuwaza miguu ya mtoto, na wala hakuwaza mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni au mchanga wa Tabora, ambako dada yangu alijaribu kusukuma chake mtaani Ng'ambo, vile vigurudumu vikazama mpaka akaishia kubeba mtoto mgongoni na kigari kichwani.

Haya, tuanze na kigari chenyewe maana hapo hakuna mjadala. Geuza chini au angalia kwenye mabomba ya pembeni, kuna lebo imeandikwa uzito. Vingi vinavyoletwa kwa mitumba ni vya kilo 15, vipya vipya vingine vinafika kilo 22. Alafu toa kadi ya kliniki, uzito wa mtoto umeandikwa humo, huna haja ya kukisia. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani (WHO) mtoto wa kiume wa miaka 3 wa katikati ana kama kilo 14 na kidogo, akifika miaka 4 ni kilo 16, kwa hiyo kigari cha kilo 15 kinamwisha hapo katikati, wengine mapema. Lebo imetoka? Mwangalie alivyokaa. Kichwa kimepita juu ya egemeo, mabega yako juu ya tundu za mikanda, magoti yamepanda karibu na tumbo, miguu inafika chini kama ya rafiki yangu wa Katonga, basi. Na hata kama bado anaenea, ukiona mkanda haufungi au breki haishiki kwenye mteremko, hicho kigari kimeisha hata kama mtoto ana mwaka mmoja. Na kile kimfuko cha soko mnachoning'iniza kwenye mishikio, kilo tatu za dagaa na dumu la mawese, mtoto akishuka tu kigari kinalala chali, na siku moja kitalala na yeye akiwemo.

Sasa mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka 5, na kuna kitu walisema nakipenda kwa sababu wametukumbuka na sisi wa mbeleko. Walisema mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 mfululizo, iwe kwenye kigari, kiti kirefu cha kulia, au mgongoni kwa mlezi. Mgongoni! Kwa hiyo wale mnaosema mimi simo, mimi natumia kitenge tu, mmo. Na mtoto kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 4 anatakiwa apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, masaa matatu hayo, sio kwa mpigo, yanakusanywa kidogo kidogo, kukimbiza kuku, kupanda ngazi, kubeba kopo la maji na kulimwaga njiani. Wa miaka 3 na 4 ndani ya hayo kuwe na saa zima la kuhema kweli.

Ukisikia masaa matatu unaona mengi lakini mtoto akiachiwa anayamaliza bila kujua. Watafiti wa New York University mwaka 2012 waliwahesabu watoto wa kati ya miezi 12 na 19 wakiwa wanacheza, wakakuta wastani ni hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Kwa saa! Hivyo ndo mwili unavyojifunza, hatua nyingi, makosa mengi, kona nyingi. Kwenye kigari hamna hata moja ya hizo.

Kwa hiyo mimi navyoona, akishatembea vizuri peke yake, kigari kinaanza kupungua kazi kuanzia siku hiyo, hakikatwi siku moja. Akiwa na mwaka na nusu mpaka miwili kiwe cha safari ndefu na usingizi. Miwili mpaka mitatu kiwe kama tairi la spea, kipo nyuma, anatembea yeye, akichoka anapanda. Ikifika mitatu na kuendelea safari za kawaida za mtaani, dukani, kanisani, msikitini, kwa bibi, atembee. Safari zisizo za kawaida sina ugomvi kabisa. Umekaa stesheni unasubiri treni ya kwenda Tabora usiku na mtoto wa miaka minne kalala, mlaze humo, nani atakusema.

Na barabara yenye magari ni habari nyingine. Mtoto wa miaka mitatu hajui spidi ya bodaboda, ataona mpira upande wa pili na atavuka, ubongo wake haujafika huko. Kama njia yako haina pembeni pa kutembea na bodaboda zinapita kulia kushoto, kigari au mgongo bado vina kazi, mtembezeni mkishaingia mtaani ndani.

Hapa nikiri na langu. Mwanangu wa pili nilimbeba mgongoni mpaka anakaribia miaka minne, mimi daktari wa mazoezi, ninayewaambia wenzangu waache. Sababu ni saa. Kazini natakiwa saa moja na nusu, yeye akitembea kila jiwe ni la kwake, kila mbuzi lazima asalimiwe, dakika kumi zinakuwa arobaini. Kwa hiyo namfunga kitenge tunaondoka. Alikuwa na kilo 15 na mgongo ulianza kuniuma pale chini kiunoni, nikawa naamka nimekakamaa kama wagonjwa wangu, ndo nikatia akili. Dawa ilikuwa ya kijinga tu, kumwamsha nusu saa mapema.

Na ninasema hivyo kwa sababu wazazi wengi wakiamua kigari basi, hawabadilishi saa ya kutoka. Wanataka mtoto atembee kwa mwendo wa mtu mzima aliyechelewa. Hapo sasa ndo nawapata kwangu. Mama kamshika mkono, mtoto kagoma, mama kavuta juu ili amrushe kidogo asonge, kiwiko kikafanya tak, mtoto analia, mkono umening'inia pembeni, hataki kuunyanyua. Watu wanadhani bega limechomoka. Mara nyingi ni kiwiko, kile kichwa cha mfupa mmoja wa chini ya kiwiko kimeteleza kidogo kutoka kwenye kipete cha nyama kinachokishika, kwa watoto wadogo chini ya miaka mitano hicho kipete bado ni legevu. Aliyefundishwa anakirudisha kwa sekunde chache na mtoto baada ya muda kidogo anashika pipi kwa mkono ule ule, lakini usijaribu mwenyewe na usimpeleke kwa mtu wa kuchua, mlete hospitali. Na usimning'inize mtoto kwa mikono mkicheza bembea njiani, baba mmoja mama mmoja, najua inapendeza, hapana.

Kumtoa kwenye mazoea ya kupanda nako kuna namna. Usimwambie leo tunatembea mpaka kwa bibi, kwa bibi ni mbali, hata wewe ukiambiwa utembee mpaka Mwandiga utataka bajaji. Mwambie mpaka kwenye ule mwembe. Watu wa Ujiji hapo mna bahati, miembe mnayo ya kutosha, unatoka mwembe mpaka mwembe. Mpe kitu cha kubeba, kimfuko cha nyanya mbili, mtoto mwenye mzigo anajiona mkubwa hataki tena kubebwa. Na akichoka kweli mbebe au mpandishe bila maneno, usimcheke mbele za watu kwamba jitu zima linasukumwa, yule wa Katonga alikuwa ameshaanza kujificha uso na kanga wakipita kwa majirani.

Ila kuna watoto ambao swali la kigari ni dalili tu ya swali lingine, na hawa naomba msiwasubirishe. Kwa vipimo vya WHO karibu watoto wote wazima wanakuwa wanatembea peke yao wakifika miezi 17 na nusu hivi, kwa hiyo mwaka na nusu umefika hatembei, njoo, usingoje atembee akikua. Aliyekuwa anatembea akaacha, njoo leo leo. Anayechechemea, anayeburuza mguu mmoja au mkono mmoja hautumii kama mwingine, njoo. Mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye kuinuka kutoka chini ni lazima ajishike mapajani apande na mikono kama anapanda ngazi kwenye miguu yake mwenyewe, huyo sio mvivu, njoo. Matege usiogope kabla ya miaka miwili, watoto wengi wanazaliwa nayo, alafu kwenye miaka mitatu minne magoti yanageuka yanagongana, alafu yananyooka mpaka kufika kama miaka saba. Ila matege yanayoongezeka baada ya miaka miwili, au mguu mmoja tu, au mtoto kadumaa juu yake, hapo lazima aangaliwe mifupa na lishe.

Na wenye watoto wa mtindio wa ubongo, haya yote ya kupunguza kigari hayawahusu ninyi hivyo hivyo. Mnasemwa vibaya njiani, mtoto wa miaka sita kwenye kigari cha kichanga, najua. Shida hapo sio kwamba kasukumwa, shida ni kwamba kile kigari kina kiti kama machela, kinamzamisha, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka upande, na anakula akiwa amelala nusu, chakula kinaweza kumpalia. Huyo anahitaji kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wake, nyonga zimekaa nyuma kabisa, miguu ina pa kukanyaga, na meza ndogo mbele ikiwezekana. Njooni tupime, hata kabla ya kukipata tunaweza kuanza na fundi seremala wa kiti cha mbao na mito ya kuziba pembeni, nimefanya nao kazi na kinakaa vizuri kuliko vingi vya dukani.

Yule mama wa Katonga aliniuliza kile kigari akigawe kwa nani, mdogo wake ana kichanga cha miezi mitano. Nikamwambia kwanza kifungio, pili breki, tatu mtoto awe anakaa mwenyewe vizuri ndo aingie maana hicho hakilali. Alikiinamia pale pale mlangoni akakanyaga breki, akakisukuma, kikaenda. Amekiacha kwa fundi baiskeli.