Kifuko cha tegu wa mbwa kwenye ini: yasemwayo na yaliyo kweli

“Ukila nyama ya mbuzi mwenye vifuko kwenye ini, nawe utavipata.” Hapana. Mtu huambukizwa kwa kumeza mayai ya tegu, mnyoo aishiye utumboni mwa mbwa, yatokayo kwenye kinyesi cha mbwa, kupitia mikono, maji au mboga. Hatari ni mbwa kutupiwa maini hayo, iwe kwenye machinjio ya Dagoretti au Kiamaiko jijini Nairobi, kwa kuwa tegu hukomaa ndani ya mbwa. Yachomwe au yafukiwe kwa kina.

“Ni ugonjwa wa Turkana tu.” Turkana imeathirika mno, kweli. Lakini kifuko hukua polepole kwa miaka mingi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi aliyekulia kwenye mifugo na mbwa amwambie daktari mapema.

“Ni maji tu, yatobolewe yaishe.” Hii ndiyo dhana inayotutia hofu zaidi. Maji hayo yamebeba vichwa vya tegu. Yakivuja tumboni, vifuko vipya huota, na mzio mkali unaweza kumuua mgonjwa kwa dakika chache. Sindano hutumika, ila kwa utaratibu. Albendazoli, dawa ya minyoo, huanzwa angalau saa 4 kabla, na adrenalini ya kukabili mzio huwekwa tayari. Akiongozwa na altrasaundi, daktari hupitisha sindano kwenye nyama ya ini kwanza, ili maji yasivujie tumboni. Akishanyonya maji, huyakagua kama yana nyongo. Yakiwa nayo, haweki dawa, maana ingeunguza mirija ya nyongo na kuiachia makovu. Yakiwa hayana, huingiza dawa hiyo, yaani maji ya chumvi ya asilimia 20, husubiri dakika 10 hadi 15, kisha hunyonya tena.

“Sindano inamfaa kila mgonjwa.” Inafaa kifuko chenye maji matupu, au ambacho utando wake wa ndani umebanduka. Kilichogawanyika kama sega la nyuki kwa kawaida huhitaji upasuaji, wa matundu madogo au wa kufungua tumbo. Hapo vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali huzungushiwa kifuko kabla hakijatobolewa. Kilichogeuka chokaa na kisichosumbua huachwa, kikifuatiliwa.

“Kidonge kimoja cha minyoo kinatosha.” Miligramu 400 za albendazoli za mara moja hazifui dafu. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, zikigawanywa mara mbili na kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Baada ya sindano, dawa huendelea angalau mwezi mmoja, huku damu ikipimwa kuangalia ini na chembe nyeupe. Altrasaundi hurudiwa kwa miaka kadhaa, hata maumivu yakiisha, kwa kuwa kifuko huweza kujaa tena kimyakimya.