Ubia wa kampuni na foundation kwenye masomo ya sayansi ni kitu gani hasa?

Ukisikia kampuni fulani imeingia ubia na foundation fulani kusaidia elimu ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, kwa watoto wa mazingira magumu, wengi tunafikiria ile picha ya taarifa ya habari, mfano wa hundi, tisheti za kampuni, mkuu wa wilaya katikati na wanafunzi wamepangwa nyuma juani. Ile ni siku ya makabidhiano tu. Ubia wenyewe ni makubaliano yaliyosainiwa kabla ya hapo, yanayosema nani analeta nini, kwa miaka mingapi, kwa wanafunzi gani, na hela ikiisha au kifaa kikiharibika nani anabeba mzigo. Kama hayo hayapo basi hiyo ni zawadi, na zawadi ni kitu kizuri tu, ila tusiiite ubia.

Tuanze na wahusika maana hapa watu wanachanganya sana. Kampuni ipo kutafuta faida, na hela inayotoa kwa jamii inatoka kwenye bajeti ya mwaka huo, mwaka ukiwa mbaya hiyo bajeti ndo ya kwanza kukatwa. Foundation ni chombo kilichosajiliwa kivyake, kina bodi yake na akaunti yake, na hela yake imeshatengwa kwa kazi ya jamii. Zipo zinazolishwa na kampuni mama kama Vodacom Tanzania Foundation au Safaricom Foundation ya Kenya, zipo za familia za wafanyabiashara kama Karimjee Jivanjee Foundation ya Dar, na zipo zilizokatwa kabisa na kampuni iliyozizaa. Mastercard Foundation ni ya aina hiyo: ilianzishwa 2006 wakati Mastercard inaingia soko la hisa, ikapewa hisa za kampuni kama mtaji, makao yake yakawa Toronto, Kanada, na bodi yake inaamua yenyewe bila kusubiri ruhusa ya kampuni. Ndo maana inaweza kuahidi programu ya miaka kumi wakati kampuni ya kawaida hata miaka mitatu inasitasita.

Halafu kuna serikali, na huyu ndo mhusika anayesahaulika kwenye hotuba zote. Shule za kata ni za serikali, mwalimu wa fizikia anaajiriwa na serikali, mtaala ni wa serikali, mtihani ni wa NECTA, baraza la mitihani la taifa. Kampuni inaweza kujenga maabara nzuri mpaka watu washangae lakini haiwezi kuleta ikama, yaani nafasi ya ajira ya mwalimu, kwa hiyo ubia wowote ambao halmashauri haijasaini mahali kwamba mwalimu atakuwepo, mimi nauona ni hatari tangu siku ya kwanza.

Mfano mzuri wa kugawana kazi ni Wings to Fly ya Kenya. Si ya sayansi peke yake, ni skolashipu ya sekondari kwa watoto waliofaulu vizuri lakini nyumbani hawana uwezo, ila inaonyesha vizuri jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ilianza 2010 kati ya Equity Group Foundation na Mastercard Foundation. Hela nyingi ilitoka kwa Mastercard Foundation, baadaye wakaingia wafadhili wengine. Sasa Equity ilileta nini? Matawi. Benki ina matawi mpaka miji midogo huko kaunti, fomu zinapatikana pale, na mchujo unafanywa na kamati za watu wa eneo lenyewe, viongozi wa dini, maofisa elimu, watawala wa mtaa, watu wanaojua boma lipi kweli halina kitu na lipi linajifanya halina. Mtoto akipita analipiwa ada, sare, vitabu, nauli na hela kidogo ya matumizi, na likizo anakutanishwa na wenzake kwa ushauri na mafunzo ya uongozi. Foundation ya Toronto isingeweza kamwe kujua mtoto wa Turkana au Kwale anaishije, na tawi la benki peke yake lisingekuwa na hela ya kulipia maelfu ya watoto miaka minne mfululizo. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, hapo ndo unasema kweli hawa ni wabia.

Kwa upande wa sayansi yenyewe, hapa Tanzania tuna Young Scientists Tanzania, mashindano ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, wengi wanaiita YST. Wazo lilitoka Ireland, ambako walimu wawili wa fizikia wa chuo kikuu, Tom Burke na Tony Scott, walianzisha mashindano ya wanasayansi wachanga mwaka 1965 na mdhamini wa kwanza akawa shirika la ndege la Aer Lingus. Huku kwetu ilianzishwa 2011 na Joseph Clowry pamoja na Dk. Gozibert Kamugisha, kwa msaada wa serikali ya Ireland, na Karimjee Jivanjee Foundation ikachukua jukumu la kuwasomesha washindi chuo kikuu. Wanafunzi wanachagua tatizo la kwao, labda maji ya kisima, labda wadudu kwenye mahindi, wanafanya utafiti na mwalimu wao, kisha wanaenda kuutetea mbele ya majaji. Kinachonifurahisha ni kwamba mtoto wa shule ya kata isiyo na maabara ya maana anaweza kushindana, kwa sababu utafiti wa kuhesabu, kuhoji watu na kupima shambani haudai vifaa vya mamilioni, na timu inawafuata huko huko mashuleni kuwaelekeza badala ya kungoja waje mjini. Kenya nao wakaanzisha ya kwao, Young Scientists Kenya, maonyesho ya kwanza yakawa 2018.

Kuna upande mwingine ambao watu wengi hawaujui. Si kila hela ya kampuni ni hisani. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, kampuni yenye leseni ya uchimbaji Tanzania lazima iandae mpango wa kila mwaka wa kurudisha kwa jamii na ukubaliwe na halmashauri husika, kwa hiyo maabara ikijengwa Geita kwa mpango huo wananchi hawajapewa fadhila, wamepata kinachowahusu kisheria. India wamekwenda mbali zaidi, sheria yao ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida yao kwa shughuli za jamii, na elimu inakula sehemu kubwa. Na kuna TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu, kampuni ikichangia kupitia mfuko huo inapata hati inayoisaidia kwenye nafuu ya kodi. Sioni ubaya wowote kampuni kunufaika, ila mzazi ajue, maana ukijua mwenzako naye anapata kitu unaongea naye ukiwa umesimama wima.

Sasa twende maabara, maana pale ndo ukweli unaonekana. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia, wananchi wakachangishwa, kampuni nazo zikachangia saruji na mabati, majengo yakasimama nchi nzima. Lakini jengo ni mwanzo tu. Chukua taitresheni ya kidato cha nne, lile zoezi la kudondosha asidi kwenye besi mpaka zitoshane: mwanafunzi anahitaji bureti yake, pipeti yake, asidi, besi, matone ya methyl orange ya kuonyesha mabadiliko kwa rangi, na maji safi ya kusuuzia, ili arudie mara tatu nne mpaka ajue kwa macho yake ile sekunde njano inapogeuka rangi ya chungwa. Shule ikiwa na bureti tatu mwalimu anafanya mbele na darasa zima linachungulia. Au kile kipimo cha kloraidi, unadondosha nitrati ya fedha unaona mashapo meupe, kemikali hiyo ni ghali kwa sababu ndani mna madini ya fedha kweli, na ikiisha imeisha, lazima inunuliwe tena mwakani na mwaka unaofuata. Bureti inavunjika. Gesi inaisha. Fundi sanifu wa maabara hayupo kwa hiyo mwalimu ndo anaandaa myeyusho usiku kisha asubuhi anafundisha vipindi sita. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopigwa picha, na ndo maana wafadhili wengi wanakikimbia, inaniuma sana kuona chumba chenye kibao cha mfadhili mlangoni kimegeuka stoo ya madawati.

Kwa hiyo ubia ninaouheshimu mimi ni ule wenye mstari wa bajeti wa vitu vinavyoisha, wenye mafunzo ya walimu wakiwa kazini, na wenye mpango wa mtoto wa kike anayesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akae wapi, maana bweni kwake linaweza kuwa muhimu kuliko kompyuta. Na masharti ya kupokea wanafunzi yaangaliwe pia, ukidai ufaulu wa A tupu kutoka shule ambayo haijawahi kuwa na mwalimu wa hisabati unajikuta unasaidia waliokwisha kusaidiwa.

Kama wewe ni mkuu wa shule au uko kwenye bodi, usiandike barua ya kuomba "msaada wa maabara". Andika idadi ya wanafunzi wa sayansi, vifaa vilivyopo, vinavyopungua, gharama ya kemikali kwa mwaka, na nani atavitunza. TEA wanapokea maandiko ya miradi. Kwa shule zilizo jirani na migodi, mpango wa kampuni unapita halmashauri kila mwaka, hivyo diwani na ofisa elimu ndo watu wa kuwafuata mapema, kabla vikao vya kuupitisha havijakaa.