Uduvi wa tangi la pamoja hawaishi kwa mabaki

Ukinunua uduvi wekundu wa mapambo, wale wanaofugwa pamoja na samaki kwenye tangi la kioo, hapa Nairobi kwa mara ya kwanza, utaambiwa usijisumbue kuwalisha: watajitafutia mabaki ya samaki. Nami niliambiwa hivyo, nikaamini. Baada ya miezi miwili, kati ya uduvi kumi niliowatia kwenye tangi langu la lita 60 kule Umoja, walibaki watatu. Maji yalikuwa safi na samaki walikuwa wamenenepa.

Tangi lenye samaki wenye njaa halina mabaki. Gapi hukiwahi chakula juu ya maji, neoni tetra hukidaka kikishuka, na koridorasi hufagia sakafu. Uduvi huachiwa kinyesi, na kinyesi hakimshibishi. Ukimwona anakichokoa, anatafuta bakteria walioota juu yake.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia kosa la pili, ambalo ni baya zaidi: wanaongeza chakula. Samaki hula mpaka wakakinai, kinachozidi huoza chini ya changarawe, sumu ya amonia hupanda, na uduvi huwa wa kwanza kufa kwa sababu hawaivumilii kama samaki wengi. Naomba sana mtu asifanye hivi. Uchache wa chakula si tatizo. Tatizo ni saa na mahali. Lisha samaki kwanza, kisha zima taa. Nusu saa baadaye, samaki wametulia, dondosha tembe moja ndogo inayozama kwenye kisahani cha glasi nyuma ya mimea. Uduvi hunusa na kufika wenyewe. Asubuhi toa kilichobaki. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha uduvi kumi.

Wengine husema, "Mbona wanachokoachokoa kutwa nzima? Si wana njaa?" Hapana, ndivyo walivyoumbwa. Chakula chao kikuu ni utando mwembamba wa bakteria na mwani unaoota kwenye mawe, magogo na majani. Tangi linalosuguliwa kila wiki hadi ling'ae limepokonywa chakula hicho. Sugua kioo cha mbele tu. Ukipata mtu anayetoka Mombasa, mwombe majani makavu ya mti wa mkungu, yale yaliyoanguka yenyewe. Jani moja huota utando na kuliwa polepole kwa wiki kadhaa.

Kuna hofu moja inayowafanya watu watupe chakula kizuri: wakisoma kwenye kopo kwamba kina shaba, wanadhani ni sumu. Kwa kweli damu ya uduvi hubeba oksijeni kwa shaba, kama yetu inavyoibeba kwa chuma, kwa hiyo chembe iliyomo kwenye chakula cha kawaida haimdhuru. Shaba inayoua ni ile iliyoyeyushwa kwenye maji, na mara nyingi huingia kupitia dawa ya samaki, hasa baadhi ya zile za ugonjwa wa madoa meupe. Soma chupa ya dawa kwa makini kuliko unavyosoma kopo la chakula.

Sukuma wiki na mchicha wanavila, vikichemshwa dakika moja au mbili vikalainika. Ila usidhani kwamba mboga iliyo salama kwako ni salama kwao. Uduvi ni jamaa ya wadudu, na dawa iliyopulizwa shambani kuua wadudu humuua naye, hata ikiwa kidogo mno. Mama mboga hawezi kujua kilichopulizwa, na kuosha kwa maji ya mfereji hakuondoi yote. Mimi huchuma kwenye gunia langu mwenyewe la kupandia mboga nje ya mlango, na kama gunia halina kitu, siwapi mboga. Mkate na ugali usiwape kabisa. Huchafua maji tu.

Lile ganda tupu jeupe unaloliona asubuhi si maiti, ni vazi alilolivua. Liache humo walile, wapate tena kalisi ya kutengenezea jipya. Na ukimkuta uduvi mwekundu juu ya samaki aliyekufa, hakumuua. Amemkuta tu.

Mwezi wa Julai, tangi lisilo na kipasha joto likipoa, wanakula kidogo. Punguza.

Watoto wa uduvi wakipotea, watu hudhani wamekosa chakula na kununua unga wa kuwanyunyizia. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu au nne, na watoto hutoka wakiwa na milimita mbili hivi: wanatosha kabisa kinywani mwa gapi. Unga hautawaokoa. Kwangu wanaopona ni wale wanaoanguliwa ndani ya mimea iliyoshonana, ambako utando umewazunguka pande zote na gapi hawezi kupenya.