Kufuta Alama za Wimbi si Kuondoa Kazi Yake

Wiki hii nimeletewa tena jenereta ya ishara, mashine ya maabara inayotoa mawimbi ya majaribio, inayosemekana imekufa, nami nikaikuta nzima kabisa. Mtumiaji wake alikuwa amefuta alama zote za wimbi, yaani vialamisho vinavyoiambia mashine ifanye kazi fulani katika nukta fulani za wimbi, akiamini kwamba ameirudisha mashine katika hali ya kawaida, na papo hapo RF, yaani ishara ya redio inayotoka kwenye mashine, ikatoweka. Nimekwisha kulieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo sasa naliandika.

Katika jenereta ya vekta kama E4438C, ambayo huzalisha ishara kutoka faili za wimbi, kila wimbi huambatana na faili ya alama, ambamo kila nukta ya sampuli ina baiti moja, na biti nne za baiti hiyo ndizo alama ya 1 hadi ya 4. Kuweka alama ni kuandika 1 katika nukta ulizochagua. Kufuta ni kurudisha 0, wala hakuna zaidi. Alama hiyo itumike kwa kazi gani ni mpangilio mwingine, ambao ukiuhifadhi hukaa katika kichwa cha faili (sehemu ya mwanzo inayobeba mipangilio), na ufutaji hauugusi hata kidogo. Kwa hiyo, ikiwa alama ya 2 imepewa kazi ya kuikata RF na polariti yake ni chanya, RF hupita pale tu biti ilipo 1. Ukijaza sufuri kila mahali, umeiamuru mashine inyamaze kuanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho, nayo imetii. Ondoa kwanza kazi ya alama, ndipo ufute nukta.

Kosa lililo pacha na hilo ni kudhani kwamba alama mpya huondoa ya zamani. Alama hujumlishwa. Ukiweka nukta ya 1 hadi 100, kisha ukabadili mawazo na kuweka 501 hadi 600, zote zinabaki. Na kwa kasi ya sampuli milioni 10 kwa sekunde, oskiloskopu itaonyesha mipigo miwili ya mikrosekunde 10, huku watu wakibadilisha kebo zisizo na hatia. Futa kabla ya kuweka upya.

Linalonitia hofu hasa ni ALC, mfumo unaorekebisha wenyewe kiwango cha nguvu inayotoka. Kazi ya kukata RF hubeba ndani yake kazi ya kushikilia ALC, hivyo alama huamua pia ni wakati gani mashine inapima nguvu yake: biti ikiwa 1 hupima, ikiwa 0 hushikilia kiwango cha mwisho. Mtu akiacha mabaki ya alama juu ya sehemu dhaifu ya wimbi, ALC huona nguvu ndogo, huipandisha, na sehemu yenye nguvu inapofika hutoka mruko wa nguvu unaoweza kuunguza kifaa kinachopimwa. Kanuni ni kuweka alama kwenye sehemu yenye amplitudo kubwa, lakini kwa wimbi lililomoduliwa, lenye vilele vya ghafla na mabonde, nakiri kwamba sijawahi kuridhika na kanuni hiyo: sehemu fupi mno hupotosha kipimo, na urefu unaotosha hubadilika kwa kila wimbi. Mimi huchagua sehemu pana kadiri mpigo unavyoruhusu, huthibitisha kiwango kwa kipima nguvu, na mpaka hapo kipunguza nguvu hakitoki kwenye tundu la kutolea RF.