Shahada ya utafiti si ya vipanga peke yao

Hapa Kigoma, vijana wengi wenye shahada ya kwanza ya sayansi hawaombi uzamili wa utafiti kwa kuamini kwamba ni wa vipanga tu. Si kweli. Alama zina kazi yake, na chuo kitaziangalia, lakini mtihani hupima majibu ambayo mwalimu tayari anayo. Utafiti huanza pale ambapo hakuna anayejua. Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960 bila shahada yoyote. Sokwe walimkimbia kwa miezi kabla hajamwona mmoja akivua mchwa kwa kijiti. Uzamivu wa Cambridge ulikuja 1966. (Njia hiyo usiijaribu leo, mlango umeshafungwa.)

Jiulize hivi: unaweza kupima joto la maji ya Ziwa Tanganyika wiki baada ya wiki, kifaa kikiharibika ukaanza upya, na bado ukatamani kujua kwa nini dagaa wamepungua? Kama hata kulisoma hilo kunakuchosha, uzamili wa masomo ya darasani utakufaa zaidi. Kama hakukuchoshi, kabla ya kujaza fomu mtafute msimamizi anayeshughulikia mada yako, umuulize nani atalipia boti na mafuta.